BUSTANI YA NYUMBANI: Kuchagua tandiko la mizizi pasipo udongo

Mama wa nyumbani aishiye Buyenzi au Bwiza, mjini Bujumbura, aghalabu hana shamba karibu na mlango wake. Ua ni mdogo. Nusu yake imesakafiwa kwa saruji, na nusu iliyobaki ni njia ya watu wa nyumba tatu. Jamaa nyingine zilizokuwa na vibustani karibu na ziwa zilivipoteza maji ya Tanganyika yalipopanda na kufurika Gatumba na mitaa ya ufukweni, hasa mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Hata hivyo chungu cha jioni hakingoji. Nyanya, lengalenga na pilipili hutakiwa kila siku, na kila fungu linunuliwalo sokoni ni fedha iliyopunguzwa katika sabuni au madaftari ya watoto.

Kwa sababu hiyo akina mama wengi wameanza kupendezwa na kilimo cha maji, kiitwacho haidroponiki, ambacho mmea hukuzwa pasipo udongo na kulishwa kwa maji yaliyoyeyushwa chakula chake. Wengi huanza kwa kuuliza habari za mbolea. Swali hilo ni jema, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: mizizi italala juu ya nini? Anayekosea hapo hupoteza mbegu, mbolea na miezi mitatu ya kazi, hata kama mbolea yake ilikuwa bora kuliko zote.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa Buyenzi mwenye watoto watano. Mwaka wa kwanza alipanda nyanya kumi na mbili katika udongo alioletewa kutoka bondeni. Zilikua vizuri mpaka zikatoa maua, kisha katika juma moja zikanyauka zote hali majani yangali mabichi. Jirani yake, mzee aliyezoea kulima, alikata kipande cha shina na kukitumbukiza katika bilauri ya maji safi. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ulianza kutiririka kutoka katika shina lile. Hiyo ndiyo dalili ya mnyauko wa bakteria, ugonjwa ukaao udongoni kwa miaka na usio na dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kushikwa.

Mwaka wa pili mama yule aliamua kuuacha udongo kabisa. Alijaza madumu yake mchanga wa ufukweni, kwa kuwa ulikuwa karibu na haukumgharimu kitu, akanunua mbolea ya maji kwa fedha alizojinyima. Safari hii nyanya hazikunyauka. Lakini majani machanga yalianza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, mimea ikadumaa, na matunda yakawa machache tena madogo. Mbolea ilikuwa njema, wala maji hayakukosekana. Kosa lilikuwa katika tandiko.

Kwa nini tandiko lahitajika

Karibu na mwaka 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea waweza kukua ndani ya maji yaliyotiwa chumvi za madini zinazohitajika, bila chembe ya udongo. Katika miaka ya 1930 William F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California alilitoa jambo hilo katika vyumba vya majaribio na kulitangaza kuwa njia ya kuzalisha chakula. Hapo ndipo jina la haidroponiki lilipoenea.

Lakini kukuza nyanya ndani ya maji matupu kuna taabu yake. Mizizi huvuta pumzi kama kiumbe chochote, nayo ikizama katika maji yaliyotulia hukosa hewa na kuoza. Katika mabustani makubwa hewa hupulizwa majini kwa mashine ya umeme. Nyumbani, ambako umeme waweza kukatika mchana kutwa, mashine hiyo haitegemewi. Ndiyo maana watu walirudia tandiko, yaani kitu kigumu kilicho na nafasi ndogondogo, ambazo baadhi yake hushika maji na baadhi hushika hewa.

Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilikuza mboga katika vitalu vya changarawe kisiwani Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, mahali palipo na miamba ya volkano na udongo haba. Mwaka uliofuata J. Sholto Douglas alianza majaribio yake huko Kalimpong, katika jimbo la Bengal nchini India, akitafuta njia ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifuata kwa kutumia kokoto, mchanga na vitu vinavyopatikana karibu naye. Na katika miaka ya 1980, katika mtaa wa watu wa kipato kidogo uitwao Jerusalén, mjini Bogotá, Kolombia, akina mama walikuza mboga juu ya mapaa na nyuani wakitumia makapi ya mpunga. Habari hizi zafaa kukumbukwa, kwani zaonyesha kwamba tandiko zuri si lazima litoke dukani wala ng'ambo.

Kazi nne za tandiko

Tandiko lolote, liwe la bei ghali au la kuokotwa, hupimwa kwa kazi nne.

Kwanza, lishike mmea usianguke. Pili, lihifadhi maji ya kutosha baina ya kumwagilia na kumwagilia. Tatu, liache hewa ifike mizizini mara maji yanapochuruzika. Nne, lisibishane na mbolea, yaani lisiyeyuke, lisioze haraka, wala lisiugeuze ukali wa maji yaliyotengenezwa. Mimea mingi ya mboga hupenda maji yenye ukali kidogo, kipimo cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Kipimo kikipanda na kupita 7, chuma na fosforasi hugandamana na kushindwa kuingia mizizini, ingawa vimo tele ndani ya maji.

Hapa ndipo ilipopatikana siri ya nyanya za mama wa Buyenzi. Ufukwe wa Tanganyika una konokono wengi, na mchanga wake mahali pengi umechanganyika na vipande vya makombe yao, ambavyo ni chokaa tupu. Maji ya ziwa lenyewe yana asili ya magadi, na pH yake hukaribia 9. Mchanga ule uliinywesha mimea chokaa kila siku, na chokaa ikaifunga chuma. Majani machanga kugeuka manjano na kubakiza mishipa ya kijani ndiyo alama ya mmea uliokosa chuma.

Majaribio matatu ya jikoni

Mama wa nyumbani hahitaji maabara ili kuepukana na hasara hiyo. Majaribio matatu yanatosha, nayo hufanywa kwa vyombo vya jikoni.

La kwanza ni jaribio la siki. Kiasi cha mchanga au kokoto huwekwa katika kibakuli na kumiminiwa siki. Mapovu yakitokea pamoja na mchachariko, mna chokaa ndani yake, na kitu hicho kifanyiwe kazi nyingine. Kikitulia, kinafaa kuendelea kupimwa. Pasipokuwa na siki, maji ya ndimu hufanya kazi hiyo, ingawa mapovu yake huenda yakawa madogo na yakahitaji jicho kali.

La pili ni jaribio la tope. Chupa nyeupe hutiwa kitu kinachopimwa mpaka theluthi yake, ikajazwa maji, ikatikiswa kwa nguvu, kisha ikasimamishwa. Maji yakitakata kwa muda mfupi, mchanga ni safi. Yakibaki kama chai ya maziwa kwa saa nzima, mna udongo wa mfinyanzi au vumbi jingi ambalo litaziba nafasi za hewa. Mchanga huo uoshwe mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, au uachwe.

La tatu ni jaribio la kopo, nalo ndilo lenye maana kubwa kuliko yote. Hutwaliwa kopo la lita 1 lenye kimo kinachokaribia kile cha chombo kitakachopandwa. Chini yake hutobolewa matundu madogo, yakazibwa kwa nta ya mshumaa au utepe. Kopo hujazwa tandiko lililokwisha kunyunyiziwa maji kidogo, likagongwagongwa ili litulie. Kisha maji humiminwa polepole, yakipimwa kwa kikombe chenye alama, mpaka yang'ae juu. Kiasi kilichoingia ndicho jumla ya nafasi zilizomo. Baadaye matundu hufunguliwa na maji hukingwa kwa nusu saa. Yaliyotoka yaonyesha nafasi itakayojazwa hewa. Yaliyobaki ndani ndiyo akiba ya mmea.

Kwa mfano, kopo likipokea mililita 600 na kutoa 220, limebakiza 380. Tandiko hilo ni jema, kwani hewa imepata zaidi ya sehemu moja ya tano ya kopo, na akiba ya maji si haba. Yakitoka chini ya mililita 100, mizizi itakosa pumzi. Yakitoka karibu yote, mmea utahitaji kumwagiliwa mara nyingi kwa siku, na mama mwenye shughuli sokoni asianze jambo asiloweza kulimaliza.

Vitu vipatikanavyo na tabia zake

Mchanga wa mtoni. Mchanga wa mito itokayo milimani aghalabu hauna makombe, lakini jaribio la siki lisirukwe. Punje zifaazo ni zenye upana wa nusu milimita hadi milimita 2. Mchanga mwembamba kama unga hushikamana na kufukuza hewa. Kasoro kubwa ya mchanga ni uzito: dumu la lita 20 likijazwa mchanga mkavu lina kilo 30 hivi, nao ukilowana huzidi. Haufai kutundikwa ukutani wala kuwekwa juu ya paa dhaifu.

Changarawe na kokoto. Zina hewa nyingi na hudumu miaka mingi, kwani zaweza kuoshwa na kutumiwa tena na tena. Kwa kuwa hazihifadhi maji, zafaa pale tu ambapo maji hupitishwa mara kwa mara na kurudishwa. Kokoto za mawe ya chokaa zikataliwe kabisa.

Vipande vya matofali ya kuchoma. Nchini Burundi kitu hiki hakikosekani penye ujenzi. Tofali lililoiva vizuri lina vitundu vidogo vinavyofyonza maji, na hewa hukaa baina ya vipande. Livunjwe mpaka vipande viwe vya milimita 5 hivi, vumbi lichekechwe na kuoshwa. Tofali lisiloiva hurudi kuwa tope. Hutambulikana kwa kulilowesha usiku kucha na kulifinya kwa vidole asubuhi. Vipande vyenye saruji au chokaa ya ukuta vitengwe.

Mawe ya volkano. Goma, Gisenyi na Ruhengeri, chini ya milima ya Virunga, watu huishi juu ya mawe mepesi yenye vitundu yaliyotapikwa na volkano. Mjini Goma, ambako moto wa Nyiragongo uliteremka mwaka 1977, tena mwaka 2002 na tena mwaka 2021, mama mwenye ua wa mawe meusi asidhani kwamba amenyimwa bustani. Jiwe lile lile lililozika udongo wake, likipondwa na kuoshwa, ni miongoni mwa matandiko bora, kwa kuwa hushika maji ndani ya vitundu na hewa nje yake. Mikono ilindwe, maana kingo zake hukata.

Makapi ya mpunga. Katika uwanda wa Imbo, ulimwao mpunga mwingi, maganda haya hurundikwa nje ya mashine za kukobolea. Ni mepesi sana. Lita 20 hazifiki kilo 3. Huoza polepole na huingiza hewa kwa wingi, lakini yakiwa peke yake hayashiki maji vya kutosha. Tena huwa na punje za mpunga zilizobaki, ambazo huota na kuwaita ndege na panya. Kwa hiyo huoshwa, kisha huwekwa katika hali ya unyevu kwa siku kumi au zaidi ili punje ziote au zioze kabla ya kupanda. Njia nyingine ni kuyachoma kwa moto hafifu usio na ndimi mpaka yawe meusi, na kuyazima kwa maji kabla hayajageuka majivu. Yaliyochomwa hivyo hayana wadudu wala mbegu, na hushika maji vizuri zaidi. Majivu meupe yasiruhusiwe kuingia, kwa kuwa yana ukali wa magadi.

Vumbi la mbao. Litumiwe kwa tahadhari. Mbao nyingine zina utomvu au rangi inayodhuru mizizi, na vumbi bichi likianza kuoza huila naitrojeni iliyokusudiwa mmea. Liachwe mvuani kwa miezi kadhaa, na katika mchanganyiko lisizidi sehemu moja ya tano.

Makaa yaliyovunjika. Masalio ya gunia la makaa ni mepesi na yana vitundu. Yaoshwe sana ili majivu yatoke, na yachanganywe na kitu kingine.

Usumba wa nazi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako minazi ni mingi, unga na nyuzi za makumbi ni tandiko lisilo na mpinzani kwa kushika maji pamoja na hewa. Lakini makumbi yaliyolowekwa katika maji ya bahari hujaa chumvi, nayo hapana budi yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Bara, nazi ni chache, na kuusafirisha usumba kuna gharama.

Matandiko ya viwandani. Sufi ya mawe, inayotengenezwa kwa kuyeyusha mwamba na kuusokota nyuzi, ilianza kutumiwa na wakulima wa Denmaki mnamo mwaka 1969 na kuenea katika mabustani ya Uholanzi. Perilaiti ni kioo cha volkano kilichotiwa moto mkali hata kikafura kama bisi. Vitu hivi ni safi na tabia zake zajulikana, lakini huagizwa kutoka mbali, na sufi ya mawe iliyochakaa haiozi hata ikitupwa. Kwa bustani ya madumu kumi havina ulazima.

Mboji ya mabwawani iachwe mahali pake. Ni kweli inashika maji, ila huchukua maelfu ya miaka kufanyika, na bwawa lililochimbwa hupoteza uwezo wa kulisha chemchemi zilizo chini yake.

Mchanganyiko hushinda kitu kimoja

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika kilimo hiki methali hiyo igeuzwe kidogo: asiyechagua tandiko ndiye asiyevuna. Lakini kuchagua si kutafuta kitu kimoja kisicho na kasoro, bali ni kuoanisha viwili ambavyo kasoro zake hupingana. Makapi ya mpunga yana hewa lakini hayana akiba ya maji; mchanga una akiba lakini una hewa kidogo na uzito mwingi. Sehemu sita za makapi kwa sehemu nne za mchanga safi wa mtoni hutoa tandiko lifaalo mboga nyingi. Mahali pa mchanga, vipande vya matofali au mawe ya volkano yaliyopondwa vyaweza kuwekwa kwa kiasi kile kile. Punje za mchanganyiko zisipungue nusu milimita wala zisizidi milimita 7.

Kabla ya kuamua, mama atazame jinsi atakavyomwagilia. Ikiwa atatumia kikombe asubuhi na jioni, mchanganyiko uliotajwa unatosha. Ikiwa anataka kutumia utambi, yaani kitambaa cha pamba kinachotoka katika hodhi la chini na kuingia katika tandiko, hapana budi tandiko liwe na punje ndogo zinazogusana, kama vile mchanga na makapi yaliyochomwa. Maji hupanda humo kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Katika kokoto hayapandi. Utambi utalowana na mmea utakufa kwa kiu juu ya hodhi lililojaa.

Mmea nao una haki yake. Saladi na lengalenga hutosheka na tandiko la kina cha sentimita 10 hadi 15. Nyanya na biringanya zidai chombo kirefu, angalau lita 10 kwa kila mche, na fito za kuegemea, kwani tandiko jepesi peke yake haliwezi kulishika shina lililojaa matunda. Mbegu ndogo zioteshwe kwanza katika mchanga mwembamba kiasi pamoja na makapi yaliyochomwa, kisha miche ihamishwe.

Usafi na utunzaji

Faida kubwa ya kuacha udongo ni kuyaacha magonjwa yake. Faida hiyo hupotea mara koleo lenye tope linapochomekwa katika tandiko. Vitu vyote vioshwe, na mchanga au matofali yamiminiwe maji yanayochemka kabla ya kutumiwa mara ya kwanza. Vyombo vioshwe kwa maji ya javeli na kusuuzwa mpaka harufu iishe. Baada ya mavuno, mizizi ya zamani itolewe na tandiko lisafishwe tena. Likiwa limepata mnyauko wa bakteria, makapi yachomwe, na mchanga uchemshwe au utupwe mbali na mashamba ya watu.

Dumu jeupe lipakwe rangi au lifunikwe kwa kitambaa cheusi, ili mwanga usiingie na kuotesha ukungu wa kijani. Ukoko mweupe ukionekana juu ya tandiko, ni chumvi za mbolea zilizobaki maji yalipokauka. Mara moja kila juma tandiko limwagiliwe maji matupu mpaka yachuruzike kwa wingi chini.

Kuhusu maji, ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya maji ya mfereji mjini Bujumbura hutoka ziwani. Maji ya mvua ni laini zaidi, nayo yafaa kukingwa na kuhifadhiwa katika pipa lenye kifuniko ili mbu wasizaliane.

Nani asihangaike

Jambo moja la mwisho lisemwe waziwazi. Tandiko lisilobishana na mbolea ni tandiko lisilo na chakula. Kila kitu ambacho mmea utakula hutoka katika maji ya mbolea, na siku yanaposahauliwa, hakuna akiba ya kuuokoa. Mbolea ya punje ya shambani haichukui mahali pake, kwa sababu haina vyote vinavyohitajika na nyingine haiyeyuki sawasawa. Jamaa yenye kipande cha udongo mzuri usio na ugonjwa, pamoja na samadi ya mbuzi, itapata mboga kwa gharama ndogo zaidi ikilima kama walivyolima wazee. Kilimo cha maji ni cha yule ambaye udongo umemkataa.

Mama wa Buyenzi ni mmoja wao. Alipoujaribu mchanga wake kwa siki, ulichachatika mbele ya watoto wake wote watano. Hakuwa na fedha za kuanza upya kwa madumu kumi na mawili, kwa hiyo alianza kwa matatu. Alipata magunia mawili ya makapi ya mpunga kutoka Imbo, akayalowesha siku kumi na mbili, na wanawe wakavunja matofali yaliyobaki pale jirani alipojenga choo. Katika jaribio la kopo, mchanganyiko wake wa kwanza ulitoa maji mengi mno. Akaongeza matofali madogo, akapima tena, kisha akapanda. Ule mchanga wa ziwani haukutupwa. Ulitandazwa mlangoni ili watoto wasiingize tope ndani wakati wa masika.

Nyanya tatu hazilishi jamaa ya watu saba. Lakini majani yake yalibaki kijani mpaka juu, na hilo lilimtosha mama kujua kwamba dumu la nne na la tano hayatakuwa bahati nasibu. Mwenye kuanza na aanze hivyo: kopo moja, siki kidogo, madumu matatu, na subira ya mwezi mmoja kabla ya kuongeza.

Katika toleo lijalo ukurasa huu utaeleza jinsi ya kutengeneza na kupima maji ya mbolea kwa bustani ya madumu.